Pesa za Nyumbani Zitumwe Mwezi Gani?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi letu)



Wengi wetu tuliokaa hapa tuna shamba mahali fulani, hata kama ni robo eka tu ya mama mzazi. Mahindi ya nyumbani ni sehemu ya mshahara wetu, ingawa hayaandikwi katika karatasi ya mshahara. Kwa hiyo leo hatutasema habari ya nyongeza wala ya saa za kazi. Twataka kusema juu ya pesa tunazotuma nyumbani, na hasa juu ya mwezi tunaozituma.

Twajua mambo yanavyokwenda katika nyumba nyingi za magharibi ya Kenya. Kuanzia Septemba watu huvuna. Oktoba na Novemba kila boma lina magunia, basi bei sokoni huwa chini kabisa. Lakini Januari inakuja na karo ya shule, na mzee hana njia nyingine. Humwita mchuuzi mwenye pikapu, akamwuzia magunia mawili au matatu pale pale uani. Ikifika Mei ghala ni tupu. Hapo simu inalia mjini, "Unga umekwisha," nasi twatuma pesa ili mama akanunue kwa gorogoro mahindi ambayo pengine ni yale yale aliyoyauza.

Tuhesabu kwa mfano tu. Tuseme gunia liliuzwa shilingi 3,000 mwezi wa Novemba, na Mei linanunuliwa shilingi 4,500. Mzee aliyeuza mawili alipata 6,000. Kuyarudisha, mtoto wake wa mjini anatoa 9,000. Shilingi 3,000 zimetoka katika jasho letu bila hata punje moja kuongezeka. Hakuna mwajiri aliyezikata, wala hakuna mgomo utakaozirudisha.

Jambo hili si la kubahatisha, limepimwa. Liko shirika liitwalo One Acre Fund, lililoanza kazi Bungoma mwaka 2006. Kazi yake ni kuwakopesha wakulima wadogo mbegu na mbolea, kuwaletea karibu na kwao, na kuwafundisha upandaji, nao hulipa kidogo kidogo. Lakini mkopo wa mbegu haumsaidii mtu anayesukumwa kuuza Novemba. Kwa hiyo katika misimu miwili, kuanzia 2012, shirika hilo lilijaribu kuwapa baadhi ya wakulima mkopo wa pesa wakati wa mavuno, si wakati wa kupanda. Dhamana ilikuwa magunia yenyewe yaliyomo ghalani. Wataalamu watatu, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel, walifuatilia hesabu na kuitoa mwaka 2019. Waliopata mkopo waliuza kidogo bei ilipokuwa chini na zaidi ilipopanda, wakapata faida ya kama asilimia 29. Na katika msimu wa kwanza, mkopo uliotolewa Oktoba ulisaidia kuliko ule wa Januari, kwa maana Januari wengi walikuwa wamekwisha uza.

Wakaona na jambo jingine. Mahali ambapo wengi walipata mkopo, bei ya soko la hapo ilipungua kuyumba, na hata jirani asiyekopa alinufaika. Sisi wa chama hatushangai. Twawajua vizuri wale wasiolipa ada na bado hupokea nyongeza tuliyoipigania.

Basi si kila mkopo unafaa kila kazi. Serikali ilipoanzisha Hazina ya Hustler, tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wa mtu mmoja ulitakiwa kurudishwa katika siku 14. Kwa dada anayekaanga mandazi na kuuza asubuhi ile ile, siku hizo zinaweza kutosha: ananunua unga Jumatatu, Jumamosi ana pesa mkononi. Kwa mwenye mahindi hazitoshi hata kidogo. Bei haipandi katika majuma mawili, na akikopa hivyo atauza yale magunia ili alipe deni, tena mapema kuliko asingekopa kabisa.

Sasa, kuna hatari moja ambayo hatuwezi kuificha. Kuweka mahindi mabichi ni kuweka sumu. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa sumu ya kuvu ya mahindi. Asiweke mtu gunia kabla ya kulikausha vizuri juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Kujua kama yamekauka si kazi ngumu. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo katika chupa kavu ya kioo, funga, tikisa, kisha iache itulie. Chumvi ikishika kiooni, yarudi juani. Na kwa fukusi, yako magunia yasiyopitisha hewa, yenye mifuko miwili ya plastiki ndani. Hayataki dawa, wadudu hufa kwa kukosa pumzi. Ni ghali kuliko gunia la kawaida, lakini fungu moja la pesa za Mei lingeyanunua na kubaki.

Wengine watasema, "Mshahara wenyewe hautoshi, mtatuongezea mzigo?" Hatuombi shilingi zaidi. Ni pesa zile zile za Mei, ila zitoke Oktoba au Novemba, ziwekwe kwa karo, nayo magunia yabaki ghalani. Ugumu ni kuzipata mapema, maana Oktoba hatujazichuma bado. Hilo twalikubali. Ndiyo sababu kamati inataka kuiomba Sako ya wafanyakazi mkopo wa karo utolewe Oktoba na kukatwa kidogo kidogo hadi Juni, na kabla ya kuomba twahitaji kujua ni wanachama wangapi watauchukua.

Anayetaka amwandikishie mwakilishi wake wa kazini jina na kiasi cha karo, kabla ya mwisho wa Agosti. Na kabla ya kuandika, mpigie mama simu umwulize ana magunia mangapi, na kama paa la ghala linavuja.