Kuiona Himoglobini kwa Macho: Mada kwa Walimu wa Sayansi, Kisumu



Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa hapa Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali, akaona kwamba selimundu imeenea mno pwani na kando ya Ziwa hili letu, ilhali katika nyanda za juu ni haba; na mwaka 1954 akabainisha kwamba mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Sisi basi, ambao aghalabu hatukosi darasani mtoto aliyelazwa kwa maumivu ya mifupa, hatuna udhuru wa kuufundisha ugonjwa huu kwa maneno matupu, maadamu umbo la himoglobini limekwisha kuchorwa atomi kwa atomi na kuwekwa katika hazina ya protini iliyoasisiwa mwaka 1971, ambayo mlango wake u wazi bila ya malipo.

Zamani kizuizi cha kuliona umbo hilo darasani kilikuwa faili moja tu. Kivinjari cha Netscape hakikujua kuchora molekuli mpaka kipewe plagini ya Chime, iliyotokana na RasMol ya Roger Sayle, na palipokuwa na mtandao wa kusuasua ilitulazimu kuipachika kwa mkono, kwa kuinakili kutoka diski hadi folda ya plagini. Nakumbuka adhuhuri moja, katika shule fulani karibu na ufuo, niliinakili mara mbili, na mara zote mbili nikaonyeshwa mraba mtupu. Kumbe kivinjari huikagua folda ile kinapoanza kufunguka, kikitafuta majina yanayoanza kwa herufi np, nami sikuwa nimekifunga. Nilipokifunga na kukifungua upya, minyororo minne ya himoglobini ikajitokeza, ikizunguka taratibu, na darasa zima likanyamaza.

Tukaipaka rangi asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta, ambapo, katika selimundu, valini imekaa mahali pa glutamati: moja tu kati ya 146. Msichana mmoja aliweka kidole juu ya kioo akauliza, "Ni hiyo tu, mwalimu?" Ni hiyo tu, lakini himoglobini inapokwisha kuachilia oksijeni, valini ile hujipenyeza katika kishimo cha molekuli jirani, nayo jirani ikashikana na nyingine, hata zikawa nyuzi ngumu zinazoipinda chembe ya damu.

Chrome iliziacha plagini za namna hiyo mwaka 2015, na Firefox ikafuata mwaka 2017, isipokuwa ile ya Flash. Leo programu ya JSmol huchora molekuli ndani ya kivinjari chenyewe, bila plagini. Hata hivyo, kwa shule isiyo na mtandao wa kutegemewa, nashauri programu ya Jmol inayojiendesha pasipo kivinjari, sharti kompyuta iwe na Java, jambo ambalo yafaa lihakikishwe siku moja kabla ya kipindi.

Diski za flashi zilizo mezani zina Jmol pamoja na faili mbili kutoka hazina ile ya protini: 2HHB, himoglobini ya kawaida, na 2HBS, ya selimundu. Naomba tuzifungue sasa, tukianza na ile ya kawaida.