Apandaye Polepole
Mazungumzo juu ya kuzamia baharini, kama yalivyosemwa katika redio

Natumaini mmekwisha kuketi, na waalimu wasaidizi wamekwisha kuandika ubaoni maneno matatu ya leo: pumzi, mtungi, mapovu. Kama bado, na waandike sasa huku nikiendelea.

Somo hili limetokana na swali. Mzee mmoja wa darasa la jioni, mvuvi wa pwani, aliniuliza hivi: "Mwalimu, mimi nimezamia kwa pumzi zangu tangu utoto, nikitafuta kombe na pweza, wala sikupata kuumwa ila masikio. Mwanangu amezamia na mtungi kutafuta majongoo ya bahari. Hewa alikuwa nayo tele. Alitoka majini mzima, na kabla ya jua kutua miguu yake ikafa ganzi, hawezi kusimama. Mimi niliyekosa hewa ni mzima, na yeye aliyekuwa na hewa ameumia. Ni jini gani huyo?"

Juu ya majini sitabishana na mtu. Lakini jambo hili lina sababu inayoonekana kwa macho, na kila aliyepata kufungua chupa ya soda amekwisha kuiona.

Tuanze na maji yenyewe. Hewa iliyo juu yetu ina uzito, ila hatuusikii kwa kuwa tumezaliwa ndani yake. Maji ni mazito zaidi sana. Ukishuka mita 10, yaani kama pima tano na nusu za wavuvi, maji hukukandamiza sawasawa na hewa yote iliyo juu ya kichwa chako hata mbinguni. Hapo mkandamizo umekuwa mara mbili ya ule wa juu. Kwenye mita 20 ni mara tatu, na kwenye mita 30 ni mara nne. Sasa chukueni puto lenye lita 4 za hewa, mshuke nalo. Kwenye mita 10 litanywea libaki lita 2, na kwenye mita 30 litabaki lita 1. Mkipanda nalo litarudi kuwa lita 4. Ishikeni sana hesabu hiyo.

Mzee wetu azamiapo kwa pumzi, mapafu yake ni kama puto hilo. Huvuta hewa juu, hushuka nayo ikasongeka, hupanda nayo ikarudi ilivyokuwa. Haikuzidi hata kidogo. Kazi hii ni ya kale. Katika Ghuba, upande wa Bahrain, Kuwait na Oman, watu walizamia lulu kwa karne nyingi, pua imebanwa kwa kibanio, jiwe limefungwa mguuni ili kushuka upesi, na mwenzake juu chomboni ameshika kamba ya kumvutia. Tusisahau ya kuwa wengi waliozamia huko katika karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 walikuwa watumwa waliotolewa katika pwani yetu hii ya Afrika ya Mashariki. Lulu zilivaliwa na wengine. Biashara hiyo ilianguka katika miaka ya 1930, kwa sababu ya shida ya fedha duniani na lulu za kufugwa za Wajapani.

Mpaka leo, katika kisiwa cha Jeju huko Korea, wako wanawake wazamiao kwa pumzi kutafuta kombe na mwani, na wengi wao wamepita miaka 60. Watokapo majini hutoa pumzi kwa mluzi unaosikika mbali. Mtungi hawautaki. Husema ukitumia mtungi utamaliza bahari, na mimi naona wana haki.

Hata hivyo kuzamia kwa pumzi kuna mauti yake. Vijana wengine, kabla ya kushuka, huhema mbio mbio mara nyingi wakidhani wanajaza hewa. La! Kinachomfanya mtu ataabike kutaka pumzi si kupungua kwa hewa njema, bali ni kuzidi kwa ile hewa chafu tuitoayo. Ukihema mbio unaifukuza hewa chafu, basi unamfukuza mlinzi wa mlangoni. Utakaa chini ukijiona huna shida, kisha utazimia bila kuonywa, na mara nyingi huwa karibu na kufika juu. Wazamiaji wawili wasishuke pamoja. Mmoja azame, mmoja abaki juu akimtazama.

Sasa tuje kwenye mtungi. Zamani mtu aliyetaka kufanya kazi chini kwa muda mrefu alivaa kofia kubwa ya shaba, na watu wa juu walimsukumia hewa kwa mpira. Mwaka 1943 Wafaransa wawili, Jacques Cousteau, mwanamaji, na Émile Gagnan, mhandisi, walitengeneza kifaa kilichomwezesha mzamiaji kubeba hewa yake mgongoni na kwenda atakako kama samaki. Kazi nyingi zimewezekana kwa sababu hiyo. Pale Mombasa, mbele ya Fort Jesus, jahazi la Wareno liitwalo Santo António de Tanná lilizama mwaka 1697, wakati Waarabu wa Oman walipoizingira ngome. Wataalamu walizamia hapo tangu mwaka 1977 hata 1980, wakalichimbua katika matope, na vyombo vyake waweza kuviona leo katika jumba la makumbusho la ngome hiyo. Wako wazamiao kupiga picha, kukagua matumbawe, kuunga vyuma vya gati. Wako hata wale wa visima vya mafuta vya baharini, wanaoishi majuma mazima katika vyumba vya chuma vyenye mkandamizo kama wa kule chini.

Lakini sikilizeni vema. Kifaa cha mtungi hukupa hewa iliyosongwa sawa na maji yaliyokuzunguka, vinginevyo kifua kisingeweza kufunguka. Basi kwenye mita 10 kila pumzi ina hewa ya pumzi mbili, na kwenye mita 30 ya pumzi nne. Rudini kwenye puto letu. Likijazwa lita 4 chini, kwenye mita 10, kisha likafungwa na kupandishwa, juu litataka kuwa lita 8. Mapafu hayawezi. Kwa hiyo azamiaye na mtungi asizuie pumzi kamwe apandapo. Desturi iliyomlinda baba yaweza kumwua mwana.

Hatari ya pili ndiyo iliyompata kijana yule. Sehemu kubwa ya hewa ni naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Ikisongwa huingia katika damu na nyama, na kadiri ukaavyo chini ndivyo inavyozidi. Soda nayo imetiwa hewa kwa nguvu. Kizibo kikiwa kimefungwa huoni kitu. Kifungue ghafula, povu linafurika. Kifungue kidogo kidogo, hewa inatoka kwa utaratibu. Apandaye upesi amefungua kizibo ghafula, na mapovu hutokea ndani ya damu yake, hata katika uti wa mgongo.

Tena ugonjwa huu uliwapata watu wasiozamia kabisa. Lilipojengwa daraja la Brooklyn huko New York, watu walichimba chini ya mto ndani ya masanduku makubwa yaliyojazwa hewa iliyosongwa. Walikuwa wakavu, hawakuogelea, lakini walipotoka wengine walipooza na wengine walikufa. Mhandisi mkuu, Washington Roebling, aliugua mwaka 1872, na daraja likafunguliwa mwaka 1883 naye akilitazama kutoka nyumbani. Mwaka 1908 bingwa wa Uingereza, John Scott Haldane, alitangaza hesabu za kupanda kwa vituo. Alizipata kwa kuwafungia mbuzi katika chumba cha hewa iliyosongwa. Mbuzi akiumwa alikunja mguu wa mbele, na bwana yule akaandika.

Mzamiaji wa pumzi hupatwa mara chache, maana hakuongeza hewa chini. Ila wale wa visiwa vya Tuamotu, washukao sana na mara nyingi kwa siku, wameupata. Wanaovuta hewa kwa mpira kutoka kompresa iliyo chomboni wamo hatarini kama wa mtungi, tena zaidi, kwa kuwa hewa haiwaishii na hujisahau. Nao wahakikishe mdomo wa kuvutia hewa uko mbali na moshi wa injini, upande unakotoka upepo, kwani moshi huo huua.

Dalili ni hizi: maumivu ya viungo, hasa mabega, viwiko na magoti, mwasho, ganzi, miguu kulegea, mkojo kukataa kutoka. Mara nyingi huanza kabla ya saa moja kupita, lakini zaweza kuchelewa hata siku nzima. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni safi, apelekwe hospitali upesi, na daktari aambiwe wazi: huyu alizamia na mtungi. Dawa yenyewe ni chumba cha chuma ambamo husongwa tena, kisha hulegezwa polepole. Msimrudishe baharini mkidhani mnamponya. Siku tatu za kuzunguka na matibabu mengine ni siku ambazo miguu haitazirudisha. Na mzima aliyezamia asipande ndege mpaka siku moja ipite.

Mwisho, hesabu ya darasa. Mzamiaji yuko mita 27. Asipande zaidi ya mita 9 kwa dakika, na akifika mita 5 asimame dakika 3. Je, atafika juu baada ya dakika ngapi?

Nilipokwenda kumtazama yule kijana nilimwuliza yeye alipanda kwa muda gani. Alisema ni kama kuhesabu mpaka ishirini, kwa sababu mfuko ulikuwa umejaa na mwenye chombo alikuwa akiita. Siku ile alishuka mara sita.