Mnyang'anyi Asipokamatwa, Nani Alipe?

Tukisikia jina la Hammurabi, mfalme wa Babeli, wengi wetu tunakumbuka "jicho kwa jicho" tu. Lakini katika sheria zake, zilizochongwa kwenye jiwe karibu mwaka 1750 kabla ya Kristo, mna jambo linalotuhusu zaidi. Sheria ya 23 yasema kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, aliyenyang'anywa atataja mbele ya mungu vitu alivyopoteza, kisha mji na mkuu wake watamlipa. Na ikiwa mtu ameuawa, jamaa zake watapewa mina moja ya fedha, karibu nusu kilo.

Angalieni: mhanga hakungoja mhalifu apatikane. (Siwasifu kwa yote, jicho la mtumwa lililipiwa nusu ya bei yake tu.)

Kwetu Kongo, sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 imewapa wahanga wa ubakaji wa vitani na maovu mengine makubwa haki ya fidia, na mfuko wa FONAREV ukaundwa. Basi, katika vikundi vyetu mchana huu tuulizane: kijijini kwako nani ameandikwa, na nani bado?