Pombe na Mshiko wa Seli: Ushahidi wa Ubongo wa Panya kwa Wakazi wa Mlima Kenya

Februari 2024, watu wasiopungua 17 walifariki baada ya kunywa pombe haramu katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga. Karibu miaka tisa kabla ya hapo, Julai 2015, amri ya Rais Uhuru Kenyatta dhidi ya pombe kali za bei rahisi zilizoitwa za kizazi cha pili iliwatoa watu majumbani kote Kenya ya Kati, wakaingia kwenye baa na maghala kumwaga vinywaji. Kila mara mjadala huu unapozuka, kuanzia Nyeri hadi Embu, wanaohesabiwa ni waliokufa, waliopofuka, na vijana ambao hawawezi tena kushika jembe. Mhadhara huu unaongeza katika hesabu hiyo mtu ambaye hajazaliwa bado. Ushahidi wake unatoka kwenye ubongo wa panya.

Anayezungumziwa hapa ni panya wa maabara, mzao wa Rattus norvegicus aliyefugwa kwa vizazi vingi. Sayansi ya ubongo inamthamini kwa sababu moja kubwa: anazaliwa akiwa mchanga mno. Siku zake chache za kwanza duniani, kwa ukuaji wa ubongo, zinakaribiana na miezi mitatu ya mwisho ya mimba ya binadamu. Yale ambayo kwa mtoto wa binadamu hufichwa na tumbo la mama, kwa panya yanaonekana.

Mwaka 1974, Ole Jørgensen na Elisabeth Bock wa Copenhagen walieleza protini walizozikuta kwenye utando wa seli za ubongo wa panya, mahali neva moja inapopokezana ujumbe na nyingine. Mojawapo waliiita D2. Miaka mitatu baadaye, kundi la Gerald Edelman huko New York lilitenga kutoka kwa kiinitete cha kuku protini inayozifanya seli za neva zigandamane, ikapewa jina N-CAM. Baadaye ilithibitika kwamba D2 na N-CAM ni kitu kimoja. Nchini Japani, Masatoshi Takeichi akagundua jamii nyingine, kadherini, ambazo haziwezi kushika bila kalsiamu. Mwaka 1992 maabara ya Thomas Südhof ikapata neureksini katika ubongo wa panya, ikitafuta mahali ambapo sumu ya buibui mjane mweusi hujishika. Mwenzake wa upande wa pili, neuroligini, akafuata mwaka 1995.

Kazi ya protini hizi si kugandisha tu. Uzi wa neva unaokua huwa na ncha inayopapasa njia yake kuelekea seli ambayo haujawahi kuigusa. Ncha hiyo husafiri kama apandaye Batian, kilele cha Mlima Kenya: hushika mwamba, huupima, huegemea, kisha huuachia. Mkono unaoteleza humwangusha mpandaji, na mkono usioachia humkwamisha papo hapo.

Ubongo una namna ya kuulegeza mshiko huo. N-CAM ya panya mchanga huvikwa minyororo mirefu ya sukari, asidi ya sialiki, inayozisukuma seli zitengane kidogo ili zipate kuhama na kujipanga. Panya akikua, sehemu kubwa ya minyororo hiyo hupungua. Hubaki katika maeneo machache, likiwemo hipokampasi, mahali pa kumbukumbu. Mwaka 1992 watafiti wa Dublin waliwafunza panya kuepuka jambo fulani, kisha saa 6 hadi 8 baadaye wakawadunga kingamwili za kuifunga N-CAM. Walipopimwa baada ya siku mbili, panya hao walikuwa wamesahau somo. Hata kukumbuka, basi, kunahitaji seli zishikane upya.

Kati ya protini hizi za mshiko, inayoigusa Nyeri moja kwa moja inaitwa L1. Jeni yake iko kwenye kromosomu X. Ikiharibika, mtoto wa kiume anaweza kuzaliwa na kichwa kilichojaa maji, na daraja la nyuzi linalounganisha nusu mbili za ubongo wake likawa jembamba au lisiwepo kabisa. Madaktari walikuwa wamekwisha kuona kasoro za daraja hilo kwa watoto wengine: wale ambao mama zao walikunywa pombe wakiwa wajawazito, hali iliyoelezwa rasmi huko Seattle mwaka 1973.

Kufanana huko kulimfanya Michael Charness na wenzake wa Boston wajiulize kama pombe inaigusa L1 yenyewe. Majaribio yao ya mwaka 1994 na 1996 yalionyesha kwamba ethanoli, kileo chenyewe cha pombe, hupunguza uwezo wa seli kushikana kwa L1, na kwamba kiwango kinachotosha ni kile kinachofikiwa damuni baada ya kinywaji kimoja.

Mwaka 1999 Cynthia Bearer na wenzake wakalitazama jambo hilo kwa panya. Walichukua seli za serebelamu, sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, kutoka kwa panya wachanga, wakazipanda kwenye sahani iliyopakwa L1. Seli zikatoa nyuzi ndefu. Ethanoli kidogo ilipotiwa, nyuzi zikawa fupi. Seli hazikufa, zilishindwa kufika.

Sahani ya maabara si mtoto, na pombe humdhuru kijusi kwa njia zaidi ya moja. Tena si kila aina ya seli yenye L1 iliathirika, jambo ambalo huenda likasaidia kueleza kwa nini watoto wawili waliopitia hali moja wanaweza kutofautiana. Hata hivyo, jambo moja ni wazi. Methanoli, inayopofusha na kuua, huingia kwenye pombe chafu. Ethanoli imo katika kila pombe: chang'aa, bia iliyolipiwa ushuru, divai ya harusini, na muratina ya asali na tunda la mwegea. Muhuri wa serikali kwenye chupa hauilindi L1.

Mila za Agikuyu ziliitengea pombe wazee na hafla zao. Leo chupa inauzwa dukani, na anayepaswa kuonywa mapema ni mama mwenyewe pamoja na mumewe anayemnunulia.

Pa kuanzia ni kliniki ya wajawazito, iwe Karatina, Othaya, Kerugoya au Nanyuki. Mama anapopimwa shinikizo na damu, aulizwe pia kuhusu pombe, kwa upole, bila kukemewa, kwa kuwa anayeogopa kusemwa huficha. Vyuo vikuu vinavyouzunguka mlima, kuanzia Dedan Kimathi na Karatina hadi Embu na Meru, vina wanafunzi wa sayansi wanaoweza kulieleza jambo hili kwa Kikuyu, Kimeru, Kiembu na Kiswahili. Na mama aliyegundua mimba yake akiwa amechelewa aambiwe ukweli wote: serebelamu ya mtoto hukua kwa kasi katika miezi ile mitatu ya mwisho, hivyo akiacha leo bado ana mengi ya kuokoa.