Majibu ya Daktari katika Dai la Ulemavu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Kilosa na Mikumi)

Tumealikwa kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulifikiri mpaka siku linapotufika. Tumeombwa tueleze jinsi mtu aliyeumia kazini au jeshini awezavyo kuyafahamu majibu ya uchunguzi wa daktari anapodai haki ya ulemavu wake. Katika mkutano huu wamo makarani, walimu, watu wa reli, na askari wa wanyama wa Mikumi. Tena wamo wazee wetu waliovaa sare katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Jambo hili lawahusu wote.

Neno letu kuu ni moja. Karatasi ya hospitali kwa kawaida hujibu swali moja, lakini dai la ulemavu lina maswali matatu. La kwanza: je, kuna madhara mwilini, na ni madhara gani? La pili: je, madhara hayo yametokana na kazi au utumishi? La tatu: je, yamempunguzia mtu uwezo kwa kiasi gani, na je, ni ya kudumu? Mtu asiyejua karatasi yake imejibu swali gani aweza kuipoteza haki yake hali ameishika mkononi.

Tukumbuke kwanza kwa nini karatasi ina nguvu. Majeshi ya Waingereza yaliingia hapa Kilosa mwezi wa Agosti 1916, na nyuma yao walikuja wapagazi wengi wenye mizigo vichwani. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam latokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi na uchovu, na majina ya wengi hayakuandikwa mahali popote. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi kwa kuwa Waafrika wengi waliokufa hawakuwekewa kumbukumbu kama wenzao wa Ulaya. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia na zaidi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twasema kwamba na jeraha ni vivyo hivyo.

Sasa tuitazame sheria. Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, awe wa Serikali au wa kampuni, iko Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na uko Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulioundwa kwa sheria hiyo. Aliyeumia akiwa jeshini dai lake hupita katika taratibu za jeshi. Njia ni mbili, lakini ufundi wa kuyasoma majibu ni mmoja.

Katika sheria hiyo ya 2008 ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa asilimia, yaani sehemu katika mia. Ukadiriaji ulio chini ya 30 katika mia hulipwa kwa mkupuo, mara moja. Ukipita 30, mtu hulipwa pensheni ya kila mwezi. Basi fikirini, Mabwana, watu wawili, mmoja amekadiriwa 28 na mwenziwe 32. Tofauti yao ni ndogo kwenye karatasi, lakini mmoja atapokea fedha siku moja na mwingine atapokea kila mwezi. Ndiyo sababu twasema kwamba kipimo kimoja kilichoachwa bila kuandikwa chaweza kubadili maisha ya nyumba nzima.

Tuanze na masikio, kwa kuwa bunduki na mashine huyaharibu polepole na mwenyewe asitambue. Kipimo cha usikivu huchorwa kwenye karatasi yenye mistari. Upande mmoja huandikwa desibeli, yaani ukubwa wa sauti. Upande wa pili huandikwa hetsi, yaani uzito au wembamba wa sauti, kuanzia nzito za 250 au 500 hadi nyembamba za 8000. Namba ya desibeli ni sauti ndogo kabisa ambayo sikio limeisikia. Kwa hiyo namba ikipanda, usikivu umepungua. Mtu mzima mwenye masikio mema husikia kwa desibeli 20 au 25, au chini ya hapo.

Sasa angalieni umbo la mstari. Sikio lililoumizwa na kishindo mara nyingi huwa na shimo karibu na hetsi 4000, kisha mstari hupanda tena kidogo kwenye 8000. Sikio la uzee tu huteremka mfululizo, wala halirudi. Tena, mpiga bunduki atumiaye bega la kulia mara nyingi huumia zaidi sikio la kushoto, maana ndilo lililo karibu na mdomo wa bunduki, na lile la kulia hukingwa na kichwa chake. Alama hizi peke yake si ushahidi kamili, na mzee aweza kuwa na yote mawili, uzee na kishindo. Lakini zikiandikwa pamoja na miaka aliyotumikia na silaha aliyoishika, zaanza kulijibu swali la pili. Karatasi iliyoandikwa “usikivu umepungua” basi, imelijibu la kwanza peke yake.

Twende kwenye macho. Mtu huona imeandikwa 6/60 akadhani ni alama za mtihani. Sivyo. Maana yake ni kwamba yeye hana budi kusimama mita 6 ili aone herufi ambayo mwenye macho mazima huiona akiwa mita 60. Aliye mzima huandikwa 6/6. Shirika la Afya Duniani humhesabu kuwa kipofu yule ambaye jicho lake lililo bora haliwezi kufikia 3/60. Ulizeni kila mara: je, kipimo hiki kimetwaliwa na miwani au pasipo miwani? Vyote viwili yafaa viandikwe, na kwa kila jicho peke yake. Tena ubao wa herufi hupima katikati ya jicho tu. Mtu aweza kusoma herufi zote na asimwone mtu ajaye ubavuni. Huyo ahitaji kupimwa upana wa kuona, na asipopimwa karatasi itasema macho yake ni mazima.

Katika kifua watu wengi hukosea kwa kuitegemea picha ya eksirei. Picha huonyesha umbo la mapafu, haionyeshi nguvu ya pumzi. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi katika vumbi la mkonge au la mawe aweza kuambiwa “picha ni safi”, naye hawezi kupanda kilima kidogo bila kusimama. Kipimo cha nguvu ni kile cha kupuliza katika mrija. Hutazama hewa yote mtu aliyoitoa, na ile aliyoitoa katika sekunde ya kwanza. Kwa desturi, hewa ya sekunde ya kwanza ikiwa chini ya 70 katika mia ya hewa yote, ni dalili ya njia za pumzi kuwa nyembamba. Mwenye pumzi fupi na picha safi asikate tamaa. Na aulize kwa adabu kama aweza kupimwa pumzi.

Mwisho ni mifupa na viungo. Tutwae mfano wa mlinzi aliyevunjika mguu karibu na goti. Daktari atazama picha, aandika: “Mfupa umeunga vizuri.” Maneno hayo ni kweli, na ni habari njema. Lakini mfupa kuunga si mguu kurudi kama ulivyokuwa. Goti zima hukunjika kiasi cha digrii 135. Goti la mlinzi wetu lafika 90 tu. Kitini atakaa; lakini hataweza kuchuchumaa chooni, wala kukaa kitako wakati wa sala, wala kupiga goti porini. Picha haitayasema hayo kamwe. Yapaswa kupimwa kwa kifaa na kuandikwa kwa digrii, mguu mzima na mguu mbovu, ili anayekadiria apate namba ya kulinganisha.

Yapo pia maneno yanayotisha au kudanganya, nasi twapenda kuyafafanua. “Ya kawaida” maana yake ni kwamba kile kilichopimwa kimo katika mipaka ya watu wazima wenye afya. Vile ambavyo havikupimwa havimo katika neno hilo. “Hakuna dalili” yamaanisha hazikuonekana siku ile, kwa chombo kile. “Yalingana na” ni neno la kusaidia: daktari asema kwamba alichokiona chaweza kuwa kimeletwa na tukio ulilolieleza, lakini hasemi kwa hakika. “Ya zamani” ni neno la kuangaliwa sana. Jeraha la mwaka 1979 ni la zamani, na utumishi ulikuwa wa zamani vilevile. Lakini msomaji asiyeelezwa tarehe aweza kudhani kwamba mtu aliingia kazini nalo.

Kwa ajili hiyo cheti cha kupimwa afya siku ya kuajiriwa ni hazina. Wengi hukiona ni karatasi ya kupatia kazi tu, kisha hukitupa. Kumbe ndicho kisemacho jinsi mwili ulivyokuwa kabla. Aliyeingia na masikio mazima na kutoka na masikio mabovu ana vipimo viwili vya kulinganishwa. Asiye na cha kwanza ana kimoja tu.

Yafaa pia tujue kwamba asilimia hazijumlishwi kila mahali kama shilingi. Mathalan, kwa askari wa zamani wa Marekani, mwenye ulemavu wa 50 na mwingine wa 20 hapewi 70. Hesabu yao yasema: ukiondoa 50 zimebaki 50 zilizo nzima, 20 katika mia ya hizo 50 ni 10, basi jumla ni 60. Tumeutaja mfano huu ili mtu akiona jumla isiyolingana na matarajio yake asidhani kwanza kwamba ameibiwa, bali aombe aonyeshwe jinsi hesabu ilivyofanywa.

Tena twawaomba mtofautishe daktari anayetibu na yule anayekadiria. Wa kwanza kazi yake ni kuponya, naye hufurahi kuandika “anaendelea vizuri”. Wa pili hupima kilichobaki baada ya tiba kufika mwisho wake. Ukadiriaji wa kudumu kwa kawaida hungoja mpaka jeraha limetulia, wala si ucheleweshaji wa hila. Lakini kungoja ukadiriaji si kungoja kutoa habari. Chini ya sheria ile ya 2008, haki huweza kupotea ikiwa ajali haikuarifiwa ndani ya miezi 12. Toeni habari mapema kwa maandishi, hata kama majibu yote hayajakuja.

Basi twapendekeza mambo manne. Kwanza, kila mwanachama awe na bahasha moja ya afya yake, tangu cheti cha kuajiriwa hadi karatasi ya mwisho, na nakala zake mahali pengine. Pili, aendapo hospitalini, iwe Kilosa, Mikumi au Morogoro, amweleze daktari tarehe, mahali na jinsi alivyoumia, na aombe yaandikwe. Tatu, aeleze kazi ambazo hawezi tena kuzifanya. Asizidishe wala asione haya. Asemaye uongo huliharibu dai lake na la mwenziwe ajaye. Nne, kabla ya kupeleka dai, akae na mwenzake msomaji, waandike maswali matatu kwenye karatasi, na mbele ya kila swali waandike ni cheti gani kinalijibu. Palipo wazi ndipo pa kurudi kwa daktari.

Kazi hii ya nne twaikabidhi hasa kwa makarani na walimu waliomo humu. Wako wazee wetu katika vijiji vya njia ya Mikumi, pamoja na Ulaya, tukisema Ulaya yetu hii ya wilaya ya Kilosa, si ile ya ng'ambo, ambao karatasi zao zimekunjwa ndani ya sanduku na hakuna aliyewasomea. Kuzisoma pamoja nao ni kazi ya alasiri moja. Tunaiomba kamati iandike orodha yao na kuwagawa miongoni mwetu kabla ya mkutano ujao, na kila mmoja alete habari ya karatasi alizozisoma.