Mji Ulioishi kwa Karatasi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imenitaka niseme machache juu ya sanaa na maendeleo. Jambo hilo ni pana, na harufu ya pilau inayotoka jikoni inanikumbusha kwamba muda wangu ni mfupi. Kwa hiyo nitazungumza juu ya mji mmoja tu, mji mdogo wa Ufaransa uitwao Angoulême.

Nimeuchagua kwa sababu. Katika ajenda yetu ya alasiri limo pendekezo la kuligeuza ghala la zamani la shule liwe chumba cha kuchorea na maktaba ya vitabu vya picha. Tangu asubuhi nimewasikia baadhi ya ndugu wakiuliza, na wana haki ya kuuliza: kuchora kutamlisha nani? Watu wa Angoulême walikwisha kulikabili swali hilo. Jibu walilolipata lina upande mtamu na upande mchungu, nami nitawaelezeni pande zote mbili.

Angoulême uko kusini-magharibi mwa Ufaransa. Wakazi wa mji wenyewe ni kama 41,000 tu. Mji wa kale umejengwa juu ya kilima na kuzungushiwa kuta za boma. Chini ya kilima unapita mto Charente, ukienda taratibu hadi Bahari ya Atlantiki. Kule juu kuna kanisa kuu la Mtakatifu Petro, lililojengwa katika karne ya 12. Ukuta wake wa mbele umejaa sanamu za kuchongwa zinazoonyesha Bwana Yesu akipaa mbinguni, na siku ya hukumu. Mtu asiyejua hata herufi moja aliweza kusimama mbele ya ukuta huo na kuifuata hadithi yote kwa macho. Basi kusimulia kwa picha ni jambo la kale katika mji huo.

Lakini kilichowalisha watu kwa muda mrefu kilikuwa karatasi. Zamani karatasi ilitengenezwa kwa matambara yaliyopondwa kwa vinu, na vinu viliendeshwa kwa nguvu ya maji. Kazi hiyo ilitaka maji mengi tena safi, na Charente pamoja na vijito vyake ulikuwa nayo. Tangu karne ya 16 vinu vikaongezeka kandokando ya maji. Karatasi ilipakiwa katika mashua, ikateremka mto, ikauzwa hadi Uholanzi. Mwandishi mashuhuri Balzac alipoandika riwaya yake Illusions perdues, kati ya mwaka 1837 na 1843, aliianzia Angoulême. Mhusika wake mmoja ni mpiga chapa anayejisumbua usiku na mchana kutafuta namna ya kutengeneza karatasi ya bei rahisi kwa mimea badala ya matambara. Mwingine ni kijana mshairi wa L'Houmeau, mtaa wa chini ulio mtoni, anayetamani kukubaliwa na wakubwa wa mji wa juu.

Kulikuwa na kiwanda kimoja, kilichojengwa juu ya mto wenyewe, kilichotoa karatasi za kusokotea sigara. Karatasi hizo ziliitwa Le Nil, yaani Mto Nile, na alama yake ilikuwa tembo. Hivyo mto unaotoka katika ziwa letu na mnyama wa mapori yetu vilikaa katika mifuko ya wavutaji wa Ulaya, na sisi hatukuwa na habari!

Katika karne ya 20 biashara hiyo ilififia na viwanda vikafungwa kimoja baada ya kingine. Hapo ndipo swali lilipozuka. Mji uliozoea kutengeneza karatasi utaishi vipi?

Jibu halikutoka mbinguni. Lilitokana na watu wachache wenye shauku. Mmoja ni Francis Groux, mkazi wa mji aliyezipenda mno zile hadithi za picha ambazo Wafaransa huziita bande dessinée, na ambazo siku hizi huzihesabu kuwa sanaa ya 9. Mwingine ni Jean Mardikian, aliyekuwa na dhamana ya utamaduni katika halmashauri ya mji. Mwaka 1972 yalifanyika maonyesho ya michoro katika makumbusho ya mji. Kisha akaungana nao Claude Moliterni wa Paris, mjuzi wa historia ya sanaa hiyo. Mfano walikuwa nao, kwani mji wa Lucca huko Italia ulikwisha kuanza mkutano wa namna hiyo. Januari 1974 wakafungua tamasha lao la kwanza.

Bango la tamasha hilo lilichorwa na Hugo Pratt, Mwitaliano aliyeishi Ethiopia utotoni mwake, na ambaye mojawapo ya visa vya baharia wake Corto Maltese alikiweka huku kwetu, Rufiji. Tuzo kuu ya kwanza alipewa Mbelgiji André Franquin.

Vijana, yatazameni majira waliyochagua. Januari huko ni baridi kali, wala si wakati wa watalii. Hata hivyo watu walikuja, na mwaka baada ya mwaka wakazidi. Katika miaka ya karibuni waandaaji walihesabu wageni wapatao 200,000. Mji wa watu 41,000 ukapokea karibu mara tano ya idadi yake kwa siku nne. Hoteli zilijaa, na wenyeji wengi wakapangisha vyumba vya nyumba zao.

Lakini kama ingekuwa siku nne tu, nisingewachosheni. Siku nne za ngoma hazijengi mji. Watu wa Angoulême waliendelea. Shule ya sanaa ya mji ikaanza kufundisha uchoraji wa hadithi za picha. Serikali ikatia mkono, na mwaka 1990 kikafunguliwa kituo cha taifa cha sanaa hiyo, chenye maktaba na makumbusho. Mwaka 2009 makumbusho yakahamia ng'ambo ya mto, katika maghala ya zamani ya mvinyo. Nasema tena, ndugu zangu: katika maghala ya zamani. Kati ya pande hizo mbili kuna daraja la waendao kwa miguu, na juu yake amesimama Corto Maltese wa shaba akiutazama mto. Kile kiwanda cha karatasi za sigara nacho ni makumbusho ya karatasi.

Likajengwa pia jumba la kuwapokea wachoraji wanaotaka mahali pa kufanyia kazi. Zikaja shule za kufundisha filamu za michoro, na baada ya shule zikaja kampuni za kutengeneza filamu hizo. Kuta zaidi ya 20 za mji zimechorwa picha kubwa kubwa. Hata vibao vya majina ya mitaa vina umbo la kile kiputo chenye mkia ambamo mchoraji huandika maneno ya mhusika wake. Sanaa nyingine zikafuata njia hiyo. Tamasha la muziki lililoanza mwaka 1976, na ambalo baadaye liliitwa Musiques Métisses, likawafungulia mlango wanamuziki wengi wa Afrika. Tangu mwaka 2008 pana tamasha la filamu za nchi zinazosema Kifaransa. Mwaka 2019 UNESCO iliutia mji huo katika orodha yake ya miji ya fasihi.

Nasi Waafrika tulipata nafasi. Mwaka 2006 tuzo ya kitabu cha kwanza ilikwenda kwa Aya de Yopougon, kilichoandikwa na Marguerite Abouet wa Ivory Coast na kuchorwa na Mfaransa Clément Oubrerie. Kitabu hicho hakisemi vita wala njaa. Kinaeleza maisha ya wasichana wa mtaa mmoja wa Abidjan, masomo yao, mapenzi yao na ugomvi wa wazazi wao. Ulimwengu ukakisoma.

Huo ndio upande mtamu. Sasa niseme ule mchungu.

Mwaka 2016 waandaaji walitoa orodha ya majina 30 ya wanaofaa kupewa tuzo kuu, na ndani yake hamkuwa na mwanamke hata mmoja. Kelele zikapigwa, na baadhi ya wanaume walioorodheshwa wakataka majina yao yafutwe. Hadi wakati huo mwanamke mmoja tu, Florence Cestac, mwaka 2000, ndiye aliyekuwa amepata tuzo kuu ya kawaida. Sisi tuliosoma shule ya wavulana tusiwacheke. Baadaye mambo yalianza kurekebishwa: Rumiko Takahashi wa Japani aliipata mwaka 2019, Julie Doucet wa Kanada mwaka 2022, na Anouk Ricard wa Ufaransa mwaka 2025.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kwa miaka mingi wachoraji walilalamika kwamba mwenye hoteli, mwenye mgahawa na mwenye duka wanapata, lakini yule anayekaa kutwa nzima akitia sahihi na kuchora katika vitabu vya wageni anarudi kwao mkono mtupu. Juu ya hayo yakazuka maswali mazito juu ya kampuni iliyoendesha tamasha, uongozi wake na uwazi wake. Mwishoni mwa mwaka 2025 wachoraji wengi, wakiwamo washindi wengi wa tuzo kuu, na Anouk Ricard mwenyewe, walitangaza kwamba hawatakwenda. Wachapishaji nao wakajitoa. Tarehe 1 Desemba ikatangazwa kwamba tamasha la 53, lililopangwa Januari 2026, halitafanyika.

Tazameni basi. Makumbusho yalikuwapo, daraja lilikuwapo, kuta zilizochorwa zilikuwapo, na fedha zilikuwa zimetengwa. Waliokosekana ni wenye kushika kalamu tu, na bila wao hapakuwa na tamasha. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Angoulême inatufundisha neno jingine: mgema akisahauliwa, hapandi mnazi.

Ndugu Mwenyekiti, narudi katika swali letu, kuchora kutamlisha nani? Nasema kunaweza kulisha mji, iwapo mji utajenga shule, maktaba na mahali pa kazi, wala hautangoja vipaji viote vyenyewe. Kwetu vipaji havikukosekana. Sisi wenye mvi tunamkumbuka Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na ndugu zetu wa Kenya wanamkumbuka Juha Kalulu wa Edward Gitau katika Taifa Leo. Watu walianza kusoma gazeti kwa ukurasa ule. Wachoraji wale walitufundisha kusoma na kujicheka. Lakini ni wapi kijana wa leo anaweza kwenda kuikuta michoro yao imehifadhiwa na kupangwa, aisome kama anavyosoma mashairi ya wazee?

Kwa hiyo nitaliunga mkono pendekezo la ghala, na ninaomba liongezwe vifungu viwili. Kwanza, sehemu ya fedha itengwe kila mwaka kwa ajili ya karatasi, wino na vitabu, maana chumba kilichopakwa rangi kisicho na karatasi ni ghala bado. Pili, katika kamati itakayosimamia chumba hicho wakae wanafunzi wawili waliochaguliwa na wenzao, wenye kura kamili kama sisi wazee. Tusiwajengee vijana nyumba kisha tukashika funguo.

Nanyi vijana, mkipewa chumba hicho, msichore simba na nyumba za makuti kwa kuwa mgeni anazipenda. Mchoreni kondakta wa basi, mama muuza vitumbua, na mwalimu wenu wa hesabu, kwa heshima inayomstahili. Aya wa Yopougon alitoka mtaani kwao, na kwa kuwa alikuwa wa kwao kweli kweli, wageni walimwelewa.

Nimemaliza. Kura ni ya alasiri, na pilau ni ya sasa.