Mposho ilikwisha: sasa tupikie watoto nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Katuba

Siye tunapita kwenye nyumba zenu kila juma, na swali moja linarudi mulango kwa mulango: chakula cha serikali kinagawiwa wapi, tuandikwe kwa nani? Tutajibu wazi, hata kama jibu halifurahishi.

Kuko watu wanaozunguka Katuba, Kenya na Ruashi na daftari mukononi. Wanaomba pesa ili jina lako liingie kwenye liste ya chakula. Musilipe. Hapa Lubumbashi hakuna ofisi ya serikali inayopatia kila familia maskini unga kila mwezi. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya na ya usalama wa chakula imehakikishwa. Tunaijua, na tutaendelea kuidai. Lakini kifungu hakiingii kwenye chungu.

Tunaelewa kwa nini watu wanangojea. Babu zetu walipokea mposho ya Union Minière: unga, maharagwe, samaki, mafuta. Gécamines ikaendelea kugawa unga mpaka ilipoanguka katika miaka ya 1990. Halafu wengi wenu mulikaa Kala, Mwange ao Meheba, kule Zambia, na kule tena kulikuwa siku ya kupanga mustari na karte mukononi. Kala na Mwange zilifungwa 2010. Mazoea hayafungwi pamoja na kambi.

Sasa tusikilizane juu ya ile rasio. Haikupimwa ovyo. Walihesabu kalori 2,100 kwa mutu mumoja kwa siku, na kipimo cha kawaida kilikuwa gramu 400 za unga, gramu 60 za maharagwe, gramu 25 za mafuta, na chumvi kidogo. Tulipofika muji, tulishika ile 400 tukaacha ile 60. Bei ya unga ikipanda, mahindi yangali shambani ao Zambia imezuia mahindi yasipite Kasumbalesa, mama anakata nini kwanza? Hakati bukari. Anakata maharagwe, anakata karanga, na kapenta inabaki paka harufu. (Mutu wa hapa asipokula bukari anasema hajakula. Hatucheki, na siye tuko hivyo.)

Kumbukeni yaliyofika Malawi mwaka wa 1990. Wakimbizi wa Msumbiji waliishi kwa mahindi, na karanga za rasio njo zilikuwa zinawakinga. Karanga zilipokatika, watu zaidi ya 18,000 walipata pelagra: ngozi inaungua kwa jua, tumbo linaharisha, kichwa kinachanganyikiwa. Mahindi yalikuwapo. Watu walikuwa wanashiba.

Hapa kwetu tunachoogopa zaidi ni yule mutoto mwenye miguu na uso uliovimba, nywele zimegeuka nyekundu, na jirani anasifu: "Amenona!" Hajanona. Kule Kivu wanaita bwaki, na inaua. Bonyeza juu ya mguu kwa kidole gumba, hesabu mpaka tatu, halafu toa. Fanya vilevile mguu wa pili. Kama shimo linabaki pande zote mbili, mupeleke kituo cha afya siku ile ile. Wengine wanapita kwanza kwa muganga ao chumba cha maombi, wakizani ni kazi ya shangazi fulani. Musali, lakini mukiwa njiani kwenda kituo.

Na pale kituoni njo musaada wa serikali unapatikana kweli, kwa mpango wa PRONANUT pamoja na UNICEF. Wanapima mukono kwa kamba yenye rangi. Mutoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 akiwa chini ya milimita 115, ni nyekundu, anaanza matibabu. Vile vipakiti vya karanga ni dawa, na ni bure. Ni vya mugonjwa peke yake: mukivigawa kwa ndugu wanne, hakuna atakayepona. Tumeviona vikiuzwa sokoni. Hatutaki kusema mengi, ila anayeviuza anauza mwili wa mutoto. Wakiwaambia vimekwisha, muulize vitakuja siku gani na kituo gani kingine kinavyo, halafu mutuambie. Vitamini A nayo ni bure, mara mbili kwa mwaka. Ba reko watapita, muwafungulie.

Turudi kwenye chungu. Nyumba ya watu 6, zile gramu 60 kwa kila mumoja ni karibu vikombe viwili vya maharagwe makavu. Siku yakikosekana, twangeni karanga mutie ndani ya lengalenga ao sombe. Kapenta kavu ikisagwa kuwa unga, kijiko kimoja kinatosha kwenye uji wa mutoto. Ba baba, mukiacha pesa asubuhi, musihesabu paka unga.

Na likelemba yenu ingeweza kufanya kitu ambacho mama peke yake hawezi: kununua magunia ya maharagwe wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, na kugawana kidogo kidogo mpaka Machi. Komite iliseme leo, mbele ya kufunga mukutano. Siye tunabaki hapa uani na kamba za kupimia. Mwenye mutoto wa chini ya miaka 5 amulete, hata yule anayeonekana munene.